Maji ni Hamali: Rejeta ya Gari, Kutoka kwa Maybach Hadi Mlima wa Timboroa

Mhadhara kwa mafundi, madereva na wanafunzi wa uhandisi, Nakuru



Mada niliyopewa ni uhandisi wa magari ya mwanzo. Ni mada pana, kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu, rejeta. Sidhani kuna mtu humu ndani ambaye hajaliona gari limesimama kando ya barabara kati ya Salgaa na Timboroa, boneti iko juu, mvuke unafuka, na dereva anahangaika na mtungi. Tukiulizwa gari lile limepungukiwa na nini, wengi wetu tutajibu: maji. Leo nataka kubishana na jibu hilo.

Maji hayamalizi kazi ya kupoza injini. Maji ni hamali: hubeba mzigo wa joto kutoka kwenye silinda na kuupeleka mbele ya gari. Anayeupokea mzigo na kuondoka nao ni hewa. Hamali akifika na asimkute wa kumpokea, atarudi na mzigo uleule, hata ukimwongezea wenzake kumi. Wahandisi wa kwanza walichukua miaka mingi kulitambua jambo hili, na rejeta ikawa bora kila walipolitambua zaidi. Sisi tunaoishi juu ya mita 1,800 tunalipa ghali kuliko wengine tunapolisahau.

Benz ya bwana wa Njoro

Nianze karibu na nyumbani. Maurice Egerton, yule Lord Egerton ambaye kasri lake liko Ngata, na ambaye shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, alikuwa mpenzi wa mashine kabla hajawa mkulima. Mwaka 1910 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini Uingereza kupewa leseni ya urubani. Kabla ya hapo alikuwa na gari la Benz la mwaka 1900 lenye namba M 1, la kwanza kusajiliwa katika jimbo la Cheshire. Gari hilo limehifadhiwa huko Tatton Park, nyumbani kwao. Nalitaja kwa sababu magari ya Benz ya kizazi hicho yalikuwa bado yameshikilia wazo la kale kuhusu joto.

Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Karl Benz alipowasilisha hataza yake tarehe 29 Januari 1886, injini yake ilikuwa na nguvu pungufu ya farasi mmoja. Aliizungushia silinda koti la maji, akayaacha maji yachemke na mvuke uende zake. Msiucheke mpango huo. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kama kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kama kilojuli 2,260, karibu mara saba. Benz alijua kwamba maji yanayochemka humeza joto jingi mno. Tatizo ni kwamba maji yaliyogeuka mvuke hayarudi.

Bei ya mpango huo ililipwa barabarani na mkewe. Agosti 1888 Bertha Benz alilichukua gari pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Kila penye maji ilibidi wasimame waongeze. Penye vilima vikali watoto walishuka wakasukuma. Breki za mbao zilipoanza kulika, Bertha alimtafuta fundi viatu azipigilie ngozi. Safari ile ilikuwa jaribio la kwanza kubwa la gari barabarani, na majibu yake hayakuhitaji mchambuzi: gari linalokunywa maji namna hiyo litabaki mateka wa mito na visima.

Mirija 8,070

Njia rahisi ya kulitibu tatizo hilo ilikuwa kubeba tangi kubwa zaidi. Lakini tangi kubwa ni uzito, uzito unadai nguvu, na nguvu inazaa joto. Kati ya nishati yote iliyomo kwenye petroli, takribani thuluthi moja hupita kwenye kuta za silinda na kuingia katika maji. Ukiiongeza injini nguvu mara kumi, umeongeza na mzigo huo. Kufikia mwisho wa karne ya 19 injini zilikuwa zimekua kiasi kwamba rejeta ndiyo iliyokuwa ikiamua gari liende kasi gani, na kwa muda gani.

Mlima nao ukawa mwalimu. Karibu na mji wa Nice, Ufaransa, yalifanyika mashindano ya kupanda kwenda La Turbie. Tarehe 30 Machi 1900 dereva wa kampuni ya Daimler, Wilhelm Bauer, alipata ajali huko na kupoteza maisha. Gari lake lilikuwa refu kwenda juu, zito, na magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yalikaribiana mno. Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiwauzia matajiri wa Nice magari ya Daimler, alidai gari jipya: refu kwenda nyuma, pana, la chini, na lenye nguvu. Kazi hiyo ikamwangukia Wilhelm Maybach. Gari lilitoka Desemba 1900 likiwa na nguvu 35 za farasi, likapewa jina la binti yake Jellinek, Mercedes, na Machi 1901 likawaacha wapinzani mbali huko Nice.

Watu waliusifu umbo lake. Mimi nawaomba mtazame pua yake. Maybach alikuwa amekwisha kujaribu rejeta ya mirija miaka michache nyuma. Sasa alichukua mirija midogo ya pembe nne, milimita 6 kwa 6, akaipanga mirija 8,070 kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya mirija, na maji yakateremka katika nafasi nyembamba zilizoachwa kati ya mrija na mrija. Nyuma yake akaweka feni, ili hewa isikatike gari likienda polepole. Maji yakashuka hadi kama lita 9, nusu ya yale yaliyokuwa yakihitajika awali.

Hapo ndipo ufundi wake ulipo, na hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Mrija wenye upande wa milimita 6 una mzingo wa milimita 24. Zidisha kwa mirija 8,070. Kwa kila sentimita moja ya kina cha rejeta, hewa inagusa karibu mita 2 za mraba za chuma. Lakini matundu yote ya mbele yakijumlishwa hayafiki thuluthi moja ya mita ya mraba, yaani mlango mdogo wa kabati. Maybach hakuongeza maji wala hakuongeza ukubwa wa pua. Aliongeza eneo ambalo hewa inakutana na chuma, akayatandaza maji yawe utando mwembamba ili kila tone liwe karibu na ukuta. Alijiuliza joto linakwama wapi, akaona linakwama kwenye kuingia hewani, akafanya kazi mahali hapohapo.

Ford na maji yanayojiendesha

Sega la Maybach lilikuwa na dosari zake. Lilikuwa na maelfu ya maungio ya kulehemu, lilikuwa ghali, na lilipotoboka katikati lilimtesa fundi. Tope likishaingia kwenye tundu la milimita 6, halitoki kirahisi. Waliofuata walilegeza umbo hilo wakarudi kwenye mirija ya maji iliyovishwa mapezi membamba ya bati, ambayo ni rahisi kutengeneza na rahisi kuziba ikitoboka.

Ford Model T ya 1908 ilipunguza zaidi. Magari kama 2,500 ya kwanza yalikuwa na pampu ya maji, kisha Ford akaiondoa kabisa. Akategemea themosifoni: maji ya moto ni mepesi, hupanda juu ya injini na kuingia kichwani mwa rejeta; yakipoa huwa mazito, hushuka na kurudi chini ya injini. Tofauti ya uzito kati ya maji ya nyuzi 80 na ya nyuzi 95 ni kama asilimia moja tu, lakini asilimia hiyo ilitosha kuyazungusha, mradi rejeta iwe ndefu na mipira ya maji iwe mipana. Kipande kilichoondolewa hakiwezi kuharibika. Kwa mkulima aliye mbali na gereji, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Magari ya Ford yalitumika Afrika Mashariki katika vita vya 1914 hadi 1918, na baada ya vita yakawa ya kawaida kwenye mashamba ya walowezi ya bonde hili la Nakuru. Hapa ndipo udhaifu wa themosifoni ulipojionyesha. Maji yanajiendesha pale tu yanapofika kwenye mdomo wa mpira wa juu. Yakishuka chini ya mdomo huo kwa vidole viwili, mzunguko wote unakatika, ingawa bado kuna lita kadhaa ndani. Yanayobaki kwenye injini yanachemka, mvuke unatoka, maji yanazidi kushuka. Ndiyo maana debe la maji lilisafiri na gari kama abiria. Utingo aliyejua kuijaza rejeta kabla ya mlima, badala ya kungoja mvuke, alikuwa ameshakielewa kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Hesabu ya bonde letu

Sasa tuilete rejeta hiyo Nakuru. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Karibu na Timboroa barabara na reli zinavuka mita 2,700. Mambo mawili yanabadilika tunapopanda, na yote mawili yanatuumiza.

La kwanza ni kuchemka. Mombasa maji katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Timboroa kwenye nyuzi 91. Injini haijui kwamba imepanda mlima. Inatoa joto lake vilevile, ila dari imeshushwa nyuzi tisa.

La pili ni hewa yenyewe. Shinikizo la hewa Nakuru ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, na Timboroa ni kama asilimia 72. Mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kama kilo 1.2, kule juu haifiki kilo moja. Kwa hiyo feni ikizunguka kwa kasi ileile, inasukuma ujazo uleule lakini wapokeaji wachache zaidi.

Tuchukue Ford yenye uzito wa tani moja pamoja na mizigo, ipande kutoka Nakuru hadi Timboroa, mita 900 za wima. Kazi ya kuuinua uzito huo peke yake ni kama megajuli 9. Tukisema injini ile iligeuza sehemu moja ya tano ya petroli kuwa kazi na kupeleka thuluthi moja kwenye maji, basi maji yalipokea kama megajuli 15. Kama hewa isingechukua chochote, joto hilo lingegeuza kuwa mvuke zaidi ya lita 6. Lori la leo la tani 40 lina injini bora zaidi, na sehemu ndogo zaidi ya joto lake huingia kwenye maji, lakini kwa hesabu hiyohiyo lingevukiza zaidi ya lita 70. Hakuna lori linalobeba rejeta ya kupoteza lita 70. Karibu joto lote linaondoka na hewa, na lisipoondoka, mtungi wa dereva hauna la kufanya.

Ongezeni jambo moja ambalo madereva wanalijua kwa mwili. Lori lililojaa linapanda mlima kwa kilomita 20 kwa saa. Upepo ukivuma kwa kasi hiyohiyo kutoka nyuma, hewa inayoingia puani kwa mwendo ni sifuri. Inabaki feni peke yake. Ndiyo maana gari lililopanda salama asubuhi linaweza kuchemka alasiri kwa mzigo uleule.

Kifuniko na themostati

Wahandisi wa baadaye walilijibu tatizo la dari kwa kipande kidogo, kifuniko chenye springi. Kikifunga mfumo usipumue, shinikizo hupanda, na maji hukataa kuchemka. Chukueni kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani shinikizo la karibu baa 0.9 juu ya lile la nje, kama vingi vinavyouzwa mjini hapa. Kikiwa kizima, maji matupu yatachemka kwenye nyuzi kama 119 pwani, 115 Nakuru, na 114 Timboroa. Linganisheni na 100, 94 na 91. Kifuniko kinapandisha dari, na zaidi ya hapo kinapunguza adhabu ya mwinuko kutoka nyuzi tisa hadi tano. Kwa wakaaji wa nyanda za juu, hicho ndicho kipande chenye faida kubwa kuliko bei yake katika gari zima. Raba yake ikipasuka, gari la mwaka huu linarudi kuwa Ford ya 1908.

Pamoja nacho ikaja themostati. Miaka ya 1930 Sergius Vernet alibuni ile inayotumia nta: nta ikiyeyuka hutanuka, ikasukuma pini, mlango ukafunguka. Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto wake, mara nyingi kama nyuzi 82. Injini baridi huchoma mafuta vibaya, oili yake ni nzito, na kuta za silinda hulika. Nani anaihitaji kuliko anayewasha gari Timboroa alfajiri, baridi imekaza?

Hata hivyo, ushauri unaosikika katika gereji nyingi ni kwamba gari likichemsha, toa themostati utupe. Sitaki kuwadharau wanaosema hivyo, kwa sababu ushauri huo una mantiki yake. Kwenye rejeta iliyo wazi, Timboroa, maji huchemka kwenye nyuzi 91 na themostati hufunguka kwenye 82. Nafasi iliyobaki ni nyuzi tisa tu, na themostati inayochelewa kidogo ingeweza kuimaliza. Zama hizo kuitoa kuliokoa injini. Kifuniko kizima kimeiongeza nafasi hiyo hadi nyuzi zaidi ya 30. Swali limebadilika, ila jibu la zamani bado linapita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi wake.

Tena kuna injini ambazo kuitoa themostati kunazidisha moto. Ndani yake themostati hufanya kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki puani kabisa. Hamali anazunguka uani.

Shaba, alumini na maji ya magadi

Rejeta ya shaba ilikuwa rafiki wa mafundi wa jua kali. Fundi alikitoa kichwa kwa moto, akapitisha ubapa mwembamba kwenye mirija iliyoziba, akarudisha kichwa kwa risasi ya kulehemu, kisha akaizamisha rejeta kwenye pipa la maji na kutia upepo aone mapovu yanatokea wapi. Rejeta nyingi za leo ni alumini yenye vichwa vya plastiki. Ni nyepesi, na zinapitisha joto vizuri kwa uzito wake, lakini zinamdai fundi vifaa vingine na zinamdai mwenye gari uangalifu kuhusu maji.

Bonde letu lina fumbo lake hapo. Visima vingi vya hapa vina floridi nyingi, ndiyo maana Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza kusafisha maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa katika miaka ya 1990. Lakini kwa rejeta, adui ni magadi yaliyoyeyuka katika maji hayo. Maji yakipashwa moto, bikaboneti iliyomo kwenye magadi hupoteza gesi ya kaboni dayoksaidi na kugeuka kaboneti, na maji yanazidi ukali. Alumini haivumilii maji ya namna hiyo. Inalika kimyakimya kutoka ndani. Maji ya mvua yaliyochujwa, au yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, yakichanganywa na kulanti ya kiwango sahihi, yanailinda alumini na kuipandisha dari ya kuchemka nyuzi kadhaa. Mtungi wa kisima ni wa dharura, na baada ya dharura mfumo usafishwe.

Vumbi nalo msilisahau. Vumbi letu ni la majivu ya volkano, laini kama unga, na likikutana na mafuta yanayovuja linakuwa udongo kati ya mapezi. Rejeta ioshwe kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa maji ya nguvu ndogo, ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kushindiliwa ndani.

Tufanye nini

Sioni haja ya kuwatwika orodha ndefu. Mambo matatu yanatosha, na yote yanawezekana Nakuru bila kuagiza kitu ng'ambo.

Mafundi, pimeni kifuniko kabla ya kugusa kitu kingine. Pampu ndogo ya mkono yenye geji inatosha kuonyesha kama kinashika shinikizo lililoandikwa juu yake. Na kamwe msikifungue gari likiwa la moto: maji ya nyuzi 115 yakikutana na hewa ya Nakuru sehemu yake hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na uso wa mtu hauna kifuniko.

Madereva, mkilisimamisha gari linalochemka, kumbukeni kasi, mzigo, upepo na mahali. Fundi anayeambiwa "limechemsha" hana la kushika. Anayeambiwa "limechemsha Sachangwan, upepo ukiwa nyuma, lakini tambarare ya Gilgil halina shida" ameshapewa nusu ya jibu: maji yanazunguka, hewa haitoshi.

Wanafunzi, kuna utafiti unaowangoja. Fungeni vipimajoto viwili, kimoja kwenye mpira wa juu wa rejeta na kingine kwenye mpira wa chini, mpande navyo kutoka Nakuru hadi Timboroa, mkiandika kila kilomita tano. Tofauti ikiwa kubwa mno, maji yanapita polepole: tazameni pampu na mirija. Tofauti ikiwa ndogo huku vipimo vyote viwili vinapanda, maji yanazunguka ila joto halitoki: tazameni feni, mapezi na upepo. Rudieni kwa matatu, kwa lori la viazi, kwa trekta. Mtakuwa na jedwali la magari yetu katika milima yetu, na fundi atakayelisoma atajua amtafute nani mwenye kosa, maji, chuma au hewa, kabla hajaishika spana.

 Nipo tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa madereva.